William Coolidge, mhandisi aliyeifanya mionzi X imtii daktari

Mgonjwa anayepigwa radio ya kifua leo, awe Bukavu, Goma, Kalemie ama Lubumbashi, anasimama mbele ya mashine ambayo moyo wake ulibuniwa mwaka wa 1913 katika maabara ya utafiti ya kampuni ya General Electric, mjini Schenectady, jimbo la New York, huko Marekani. Jina la Wilhelm Röntgen, Mjerumani aliyegundua mionzi X mwaka wa 1895, linafundishwa shuleni. Jina la mhandisi aliyeifanya mionzi hiyo itumike kila siku bila kubahatisha halisikiki sana. Aliitwa William David Coolidge.

Alizaliwa tarehe 23 mwezi wa kumi mwaka wa 1873 huko Hudson, mji mdogo wa jimbo la Massachusetts. Baba yake alifanya kazi katika kiwanda cha viatu, na nyumbani familia ililima shamba dogo. Mama yake alikuwa mshonaji wa nguo. William alianzia masomo katika shule ya chumba kimoja. Kuna wakati aliacha shule akaenda kuajiriwa katika kiwanda cha mpira, kisha akarudi darasani. Mwaka wa 1891 alipata bursi ya kusomea uhandisi wa umeme katika chuo cha ufundi cha Massachusetts, kile kinachojulikana kwa herufi MIT. Ugonjwa ulimpotezea mwaka mzima, akamaliza mwaka wa 1896. Kutoka hapo alikwenda Leipzig, Ujerumani, na mwaka wa 1899 akapata udaktari wa sayansi. Röntgen mwenyewe alipotembelea maabara ya Leipzig, kijana huyo wa Hudson alikuwa mmoja wa waliokutana naye.

Alirudi nyumbani na shahada kubwa, lakini pia na deni la masomo. Kwa miaka michache alifanya utafiti MIT, hadi mwaka wa 1905 alipoitwa na Willis Whitney, mkuu wa maabara ya General Electric. Mshahara ulikuwa mzuri kuliko ule wa chuo. Coolidge alihamia Schenectady, na huko ndiko alikoishi hadi kufa.

Kazi yake ya kwanza haikuhusu mionzi X hata kidogo. Ilihusu ampuli. Ampuli za wakati huo zilikuwa na uzi wa kaboni uliokula umeme mwingi na kutoa mwanga hafifu. Kila fundi alijua kwamba tungisteni ingefaa zaidi, kwani haiyeyuki hadi ifikie joto la nyuzi zaidi ya 3,400, na hakuna chuma kingine kinachovumilia moto kiasi hicho. Tabu ni kwamba tungisteni ilikuwa inavunjika kama kioo. Walioweza kuitengenezea uzi waliuunda kwa unga uliochanganywa na gundi, na ampuli ikitikiswa kidogo tu uzi unakatika.

Wasomaji wa Kivu na Maniema wanaijua tungisteni kwa jina lingine. Ndiyo inayotolewa katika wolframiti, jiwe jeusi zito ambalo wachimbaji wetu wanalibeba pamoja na kasiteriti na koltani.

Coolidge aliishindania tungisteni kwa miaka kadhaa. Alitembelea viwanda vya waya na vya sindano, akaangalia namna mafundi wa kawaida wanavyopiga na kuvuta chuma, kisha akarudi maabara kujaribu. Alichogundua kilikuwa kinyume cha desturi ya uhunzi. Alichukua unga wa tungisteni, akaukandamiza uwe kipande, akaupitishia umeme mkali mpaka chembe zikashikana, ndipo akaanza kukipigapiga kikiwa moto. Kila hatua alipunguza joto kidogo. Kadiri kipande kilivyozidi kupigwa na kuvutwa, ndivyo kilivyokubali kupindwa, hadi mwisho kikapindika kikiwa baridi kabisa. Kutoka hapo kilivutwa kupitia matundu madogo ya almasi mpaka kikawa uzi mwembamba kuliko unywele. Hiyo ilikuwa mwaka wa 1910. Mwaka uliofuata General Electric ilikuwa tayari inauza ampuli zenye uzi huo, na kwa miaka mingi iliyofuata dunia ilisoma usiku kwa mwanga wake.

Kampuni ilipata hati ya uvumbuzi mwaka wa 1913. Mwaka wa 1928, baada ya kesi na kampuni nyingine, mahakama ya rufaa iliifuta hati hiyo: majaji waliona kwamba kupindika ni tabia ya asili ya tungisteni iliyo safi, na mtu hawezi kumiliki tabia ya asili. Ni hukumu ngumu kuikubali kwa yeyote anayejua ile miaka ya kupiga na kuvunja. Chuma kilikuwa na tabia hiyo tangu dunia iumbwe, na hakuna aliyekuwa ameiona.

Lakini tungisteni ndiyo iliyomfikisha Coolidge kwenye mionzi X. Hapa inafaa kueleza namna kazi hiyo ilivyofanyika kabla yake, kwa sababu watu walikuwa wanakufa.

Mionzi X ilitolewa katika chupa ya kioo iliyobakizwa hewa kidogo ndani. Umeme ulipopita, hewa hiyo ndiyo iliyosaidia kuanzisha mionzi. Ila kiasi cha hewa kilibadilika kila chupa ilipotumiwa. Asubuhi chupa ilitoa mionzi dhaifu, mchana ikatoa mikali, kesho yake ikagoma. Daktari hakuweza kurudia leo picha aliyoipata jana. Ili kujua chupa iko katika hali gani, mafundi wengi waliweka mkono wao wenyewe mbele ya mionzi na kuangalia mifupa yao kwenye kioo kinachong'aa. Walifanya hivyo mara nyingi kila siku, mwaka baada ya mwaka. Ngozi ilianza kuungua, vidole vikaoza, kisha kansa. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison, alikatwa mikono na bado akafariki mwaka wa 1904. Edison aliogopa akaachana na mionzi X. Orodha ya madaktari na mafundi waliokufa kwa njia hiyo, Ulaya na Marekani, ni ndefu.

Coolidge alianza kwa kubadilisha kile kipande cha ndani ya chupa ambacho elektroni zinakigonga ili mionzi itoke. Wengi walitumia platini. Yeye akaweka tungisteni, inayovumilia joto zaidi. Kisha mwenzake wa maabara, Irving Langmuir, alionyesha kwamba uzi wa tungisteni ukipashwa moto unatoa elektroni hata pasipo hewa yoyote. Coolidge aliona mara moja maana yake. Akatengeneza chupa ambayo hewa yake imetolewa kabisa, upande mmoja akaweka uzi wa tungisteni unaopashwa moto kwa umeme, upande wa pili kipande cha kugongwa.

Matokeo yalikuwa rahisi kueleza. Ukiongeza joto la uzi, mionzi inakuwa mingi. Ukiongeza volti, mionzi inapenya zaidi. Kila kimoja kina swichi yake, na kimoja hakiharibu kingine. Chupa iliyofanya kazi vizuri asubuhi ilifanya vilevile jioni, na hapakuwa tena na haja ya fundi kuipima kwa mkono wake.

Chupa ya kwanza ilipelekwa New York kwa daktari Lewis Gregory Cole, mtaalamu wa picha hizo. Cole aliijaribu, akawaonyesha wenzake mwishoni mwa mwaka wa 1913, na ndiye aliyependekeza iitwe chupa ya Coolidge. Hatari ya mionzi haikwisha siku hiyo. Kuta za risasi, nguo za kujikinga na vipimo vya mionzi vilikuja polepole, na vingine vilichelewa mno. Lakini kuanzia hapo kiasi cha mionzi anachopewa mgonjwa kingeweza kuandikwa kwenye karatasi na kurudiwa na daktari mwingine katika mji mwingine.

Vita vya kwanza vya dunia vilipoingia Marekani, Coolidge alibuni chupa ndogo iliyofaa mashine za kubebwa, zikitumia umeme wa jenereta ya petroli, ili majeruhi watafutwe risasi mwilini karibu na uwanja wa vita. Baada ya vita alipanda kwenye volti kubwa zaidi. Mwaka wa 1931 mashine ya volti 900,000 kutoka kampuni yake iliwekwa katika hospitali ya Memorial mjini New York kutibu kansa. Baadaye mashine kama hizo ziliingia viwandani kutafuta nyufa ndani ya vyuma vinene.

Nyumbani alipata pigo mapema. Mke wake wa kwanza, Ethel Woodard, alifariki mwaka wa 1915 akimwachia watoto wawili wadogo. Mwaka uliofuata alimwoa Dorothy MacHaffie, muuguzi, na waliishi pamoja zaidi ya miaka 50.

Mwaka wa 1932, wakati uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka, Coolidge alichukua nafasi ya Whitney kama mkuu wa maabara. Mwaka wa 1941 alikuwa miongoni mwa wataalamu walioombwa na Akademia ya Sayansi ya Marekani kuchunguza kama uraniamu inaweza kutumiwa vitani. Sehemu kubwa ya uraniamu iliyotumiwa na Wamarekani katika mradi wa bomu ilitoka Shinkolobwe, Katanga.

Alistaafu mwaka wa 1944, lakini aliendelea kuishauri kampuni kuhusu mionzi X, na muda wake mwingine aliutumia kusafiri na kupiga picha za kawaida, zile za kamera. Alikuwa na hati 83 za uvumbuzi kwa jina lake. Dorothy alifariki mwaka wa 1969. Coolidge mwenyewe alifariki huko Schenectady tarehe 3 mwezi wa pili mwaka wa 1975, akiwa na umri wa miaka 101.