Stephen Timoshenko: Mwalimu wa Wahandisi

Walimu wanafunzi wengi hudhani kwamba njia za kufundisha ni shughuli ya shule za msingi tu, na kwamba katika vyuo vikuu yatosha mtu kulijua somo lake. Maisha ya Stephen Timoshenko yanatuonyesha kwamba sivyo. Huyu alikuwa profesa wa uhandisi, mchunguzi wa namna vitu yabisi vinavyopinda, kutikisika na kuvunjika vinapobebeshwa uzito. Lakini aliacha alama yake kubwa kwa sababu alijua kufundisha.

Alizaliwa tarehe 22 Desemba 1878 katika kijiji cha Shpotovka, nchini Ukraina, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Dola ya Urusi. Baada ya kusoma shule mjini Romny, alikwenda Saint Petersburg kujifunza uhandisi wa njia za usafiri, akahitimu mwaka 1901. Hakukawia kuingia katika kazi ya ualimu. Mwaka 1905 alikwenda Göttingen, Ujerumani, akajifunza kwa Ludwig Prandtl, na mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 27, aliteuliwa kuwa profesa katika Chuo cha Ufundi cha Kiev. Somo lake lilikuwa nguvu za vifaa vya ujenzi.

Mwaka 1911 ulimletea mtihani. Alitia sahihi yake katika malalamiko dhidi ya waziri wa elimu, Kasso, naye akafukuzwa kazi. Mwaka huohuo alitunukiwa Tuzo ya Zhuravsky, na fedha zake zilimsaidia kujikimu. Baadaye alipata nafasi ya kufundisha tena Saint Petersburg. Mwaka 1918 alirudi Kiev, akawa miongoni mwa wataalamu walioanzisha Chuo cha Sayansi cha Ukraina. Hata hivyo vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vikiendelea, na mwaka 1920 alihamia Yugoslavia.

Hapo ndipo lilipo jambo ambalo sisi walimu yafaa tulitafakari. Timoshenko alipewa kazi ya uprofesa mjini Zagreb, mahali ambapo wanafunzi walisema Kikroatia, lugha ambayo yeye hakuijua vema. Angaliweza kufundisha kwa Kirusi na kuwaachia wanafunzi taabu ya kuelewa. Hakufanya hivyo. Aliendesha masomo kwa Kirusi huku akichanganya maneno ya Kikroatia kwa kadiri alivyoweza, na wanafunzi wakamwelewa. Mwalimu wa darasa la kwanza anayepokea watoto waliokuja na lugha ya nyumbani anaikuta shida iyo hiyo. Hapana budi mmoja amwendee mwenzake, na anayepaswa kuanza safari hiyo ni mwalimu.

Mwaka 1921 ilichapishwa kazi yake mashuhuri juu ya boriti. Nadharia ya zamani ilichukulia kwamba boriti inapopinda, kila mkato wake hubaki wima kwa mstari wa katikati ya boriti. Timoshenko alionyesha hesabu inavyobadilika tukizingatia pia kwamba tabaka za boriti hutaka kuteleza moja juu ya nyingine, na kwamba mikato huzunguka boriti inapotikisika. Jambo hili tunaweza kulionyesha darasani bila gharama. Chukua daftari nene, uchore mistari iliyonyoka kwenye ukingo wa kurasa, kisha ulipinde. Kurasa zitateleza na mistari italala upande. Katika boriti ndefu na nyembamba athari ya mteleko huu ni ndogo mno. Katika boriti fupi na nene haiwezi kupuuzwa.

Mwaka 1922 alihamia Marekani, akiwa amekwisha kutimiza miaka 43, akaanza upya. Alifanya kazi katika kampuni ya Westinghouse kuanzia mwaka 1923 hadi 1927, na huko pia aliwafundisha wahandisi vijana. Kisha alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Michigan, na kuanzia mwaka 1936 katika Chuo Kikuu cha Stanford. Katika miaka hiyo aliandika vitabu vya kiada juu ya mtikisiko, unyumbufu, uimara wa miundo, na mabamba. Vitabu hivyo vilitafsiriwa katika lugha nyingi, na vizazi vya wahandisi vilisomeshwa kwavyo. Mwaka 1957 Chama cha Wahandisi wa Mitambo cha Marekani kilianzisha nishani yenye jina lake, naye akawa mtu wa kwanza kuipokea.

Mwaka 1958, akikaribia miaka 80, alizuru Umoja wa Kisovyeti na kukagua vyuo vyake, kisha akaandika kitabu juu ya mafunzo ya wahandisi huko. Alifariki tarehe 29 Mei 1972 mjini Wuppertal, Ujerumani Magharibi, alikokwenda kuishi na binti yake.

Tumeona kwamba mtu huyu alipoteza kazi, nchi na lugha ya kufundishia, na kila mara alirudi mbele ya ubao. Sisi tunaojiandaa kwenda shule za vijijini, penye upungufu wa vifaa na watoto wa lugha mbalimbali, hatutapata darasa lililotayarishwa tayari. Yatupasa tuanze na daftari lililopo mezani na maneno ambayo mtoto anayajua.