Kipofu aliyeikamata 2,147,483,647

Kama uko Kisii mjini, Keroka ama Nyamira, weka alamu: Jumanne, Januari 19, 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi. Mashine za zamani zinazohesabu sekunde tangu 1970 zitafika 2,147,483,647 na kukwama. Sekunde moja baadaye zinaweza kudhani ni Desemba 1901, wakati Waingereza hawajafungua hata kituo chao pale Getembe. (Walikuja 1907.)

Namba hiyo ina mwenyewe, anaitwa Leonhard Euler. Alizaliwa Basel, Uswisi, 1707. Baba yake, pasta, alitaka naye awe pasta. Kijana akapenda hesabu, akahamia St. Petersburg, Urusi. Jicho la kulia likamharibikia huko. La kushoto nalo likazimika baadaye, na 1771 nyumba yake ikateketea. Wewe ungeacha, si ndio? Yeye alikuwa anataja hesabu kwa mdomo, wanawe na wasaidizi wanaandika.

1772 akaonyesha kwamba ukizidisha 2 thelathini na moja pamoja, kisha utoe 1, unapata namba tasa: hakuna kinachoigawa ila 1 na yenyewe. Kujaribu kila namba tasa hadi 46,340 ni maelfu ya hesabu. Euler akagundua kuwa inayoweza kuigawa lazima, ukiigawa kwa 248, ibakishe 1 au 63. Majaribio yakashuka hadi 372. Bila kikokotoo, bila macho! Rekodi hiyo ilivunjwa katika karne ya 19.

Alifariki Septemba 1783, siku ambayo alikuwa akijadili njia ya sayari mpya, Uranus.