Mohamed Amin: Funzo kwa Washika Kamera Wetu

Kila uwadiapo msimu wa Tamasha la Drama na Filamu, walimu wa shule za Meru na Embu huhangaika kutafuta kamera. Swali lao la kwanza huwa ni la chombo. Maisha ya marehemu Mohamed Amin yatuonyesha kwamba swali lililo kuu ni la mtu anayekishika.

Amin alizaliwa Nairobi mwaka wa 1943, akakulia Tanganyika. Alianza kupiga picha angali mwanafunzi, kwa kamera duni. Mwaka wa 1963 aliasisi kampuni ya Camerapix mjini Dar es Salaam. Mwaka uliofuata alirekodi Mapinduzi ya Zanzibar, na mwaka wa 1966 akafungwa gerezani huko karibu mwezi mzima kwa sababu ya kazi yake. Tom Mboya alipouawa Nairobi, Julai 1969, Amin alifika upesi na kamera yake.

Mnamo Oktoba 1984 aliingia Korem, Ethiopia, pamoja na mwandishi Michael Buerk wa BBC. Picha zake za njaa zilipoonyeshwa, dunia iliyokuwa imelala ikaamka. Wanamuziki waliungana kuchanga fedha, na Julai 1985 yakafanyika matamasha makubwa ya London na Philadelphia. Waimbaji hao wangali wanakumbukwa na wengi. Mwenye jicho lililotangulia kuona hutajwa na wachache.

Wapo wanaolalamika kwamba picha kama zile ziliifanya Afrika ijulikane kwa njaa tu. Lalamiko hilo lina uzito. Lakini Amin hakuwa mgeni wa siku moja. Alikuwa mwenyeji, na kamera iliyorekodi msiba wa Korem ndiyo iliyosifu pia uzuri wa nchi yetu katika vitabu kama Journey Through Kenya, kilichotoka mwaka wa 1982. Aliyeona yote mawili hawezi kushutumiwa kwa kuonyesha moja.

Gharama aliilipa kwa mwili wake. Mwaka wa 1991 mlipuko wa ghala la silaha mjini Addis Ababa ulimuua fundi wake wa sauti, John Mathai, na kumpotezea Amin mkono wa kushoto. Alirejea kazini na mkono wa bandia. Tarehe 23 Novemba 1996, ndege ya Ethiopia aliyoabiri ilitekwa nyara, ikaishiwa mafuta na kuanguka baharini karibu na visiwa vya Komoro. Amin alikuwa miongoni mwa watu 125 waliofariki.

Walimu wenzangu, tusiwafunze vijana kubonyeza vitufe pekee. Tuwafunze kufika mapema, kukaa na watu na kuwaheshimu. Mkulima wa miraa wa Igembe na mchuma chai wa Embu wana visa vyao. Tusipowaandaa watoto wao kuvirekodi, atakuja mgeni avirekodi kwa haraka, kisha aende zake.