Capablanca: Mtoto aliyesubiri mchezo wa baba uishe

UKIPITA Karatu mchana, magari ya watalii yakiwa yamepaki kungoja safari ya geti la Lodoare na Ngorongoro, hukosi kuwaona madereva wawili wameinamia ubao wa drafti, vizibo vya soda ndiyo kete, na nyuma yao wamesimama watu sita wanaojua zaidi ya wale waliokaa. Huyu anakohoa, yule anaguna, wa tatu anashindwa kabisa kujizuia, ananyoosha kidole. Hapo aliyekuwa anaongoza anavuruga kete na kasheshe inaanza. Je, jamaa amefundishwa, au amekumbushwa sheria tu?

Kesi hiyo ni ya zamani, na haina mipaka. Yupo bingwa mmoja wa dunia ambaye ilimfuata tangu hajatimiza miaka mitano hadi saa zake za mwisho. Anaitwa José Raúl Capablanca, mfalme wa sataranji, mchezo ambao vijana wa leo wanauita chesi.

Alizaliwa Havana, Cuba, tarehe 19 Novemba 1888, kisiwa hicho kikiwa bado koloni la Hispania. Baba yake alikuwa ofisa wa jeshi la Hispania, mpenzi wa sataranji lakini, kwa hukumu ya mwanawe, mchezaji mbovu. Mtoto hakufundishwa na mtu. Alikuwa anasimama tu pembeni ya meza, kimya, akiangalia baba na mwenzake wanavyosogeza kete.

Siku ya tatu ya kutazama ndipo likatokea jambo. Katika sataranji, farasi anaruka kwa namna yake, na kila anaporuka lazima abadilishe rangi ya nyumba: akitoka nyeupe anatua nyeusi, akitoka nyeusi anatua nyeupe. Mzee akamtoa farasi kwenye nyeupe akamtua kwenye nyeupe. Mpinzani wake hakuona. Mchezo ukaendelea, mzee akashinda.

Mtoto aliona, akanyamaza. Mchezo ulipokwisha ndipo akaanza kucheka na kumwambia baba yake kuwa ni mwizi. Nusura atolewe chumbani. Akapanga kete, akaonyesha farasi alikotoka na alikotua. Baba akamuuliza yeye anajua nini kuhusu sataranji, mtoto akajibu kuwa anaweza kumfunga, wakakaa, na kweli akamfunga. Habari hii aliisimulia Capablanca mwenyewe akiwa mtu mzima, kwa hiyo ipokelewe kama ushahidi wa mwenye kesi.

Watu wengi wanaipenda kwa sababu ya kipaji. Lakini pale kwenye benchi la Karatu wangeuliza swali lingine: kwa nini hakusema palepale? Yule mpinzani wa baba aliondoka amefungwa kwa kete iliyokwenda kinyume cha sheria, na ndani ya chumba alikuwepo mtu mmoja anayejua.

Sheria za leo za Shirikisho la Sataranji Duniani, FIDE, lililoanzishwa Paris mwaka 1924, zimejibu hivi: mtazamaji akiona kosa amwambie mwamuzi peke yake, asiwaambie wachezaji, na asiingilie mchezo kwa namna yoyote. Jibu zuri, kwenye ukumbi wenye mwamuzi. Pale barazani mwamuzi ni nani? Ni hao hao sita waliosimama.

Na mpaka kati ya sheria na ushauri ni mwembamba kuliko unavyodhani. Chukua bao letu la mashimo 32 na kete 64. Mwenye nafasi ya kula haruhusiwi kutakata. Mchezaji akinyoosha mkono kutakata na mtazamaji akamwambia kuna kula, amesema sheria, hakuna ubishi. Lakini kama pa kula ni pamoja tu, basi amemchezea. Wamaasai wa Ngorongoro wenye enkeshui yao, ndugu wa bao, wanalijua hilo, na mzee wa bao Tandika au Unguja atakwambia hivyo hivyo.

Tofauti na riadha, ambayo ndiyo sifa ya Karatu. Filbert Bayi, mzaliwa wa huko, alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974, uwanja mzima ungeweza kumpigia kelele kwamba John Walker yuko nyuma yake, na bado miguu ingebaki ni ya Bayi. Kwenye ubao, neno moja la mtazamaji linaweza kuwa mchezo wote.

Turudi Havana. Mzee Capablanca alimpeleka mwanawe kwenye klabu ya sataranji ya mji, ingawa daktari alionya kuwa akili changa itachoshwa. Mwaka 1901 bwana mdogo akamshinda Juan Corzo, bingwa wa Cuba. Mwaka 1906 akaingia Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kusoma uhandisi wa kemikali, akaacha. Klabu za sataranji zilikuwa zimemteka. Mwaka 1909 akakutana na Frank Marshall, bingwa mkubwa wa Marekani, akamchapa michezo minane kwa mmoja, sare 14.

Ushindi huo ndio uliomfikisha San Sebastián, Hispania, mwaka 1911. Mashindano yale yalikuwa ya wakubwa tu, waliokwisha kushika nafasi za juu kwingine, na Capablanca hakuwa na rekodi hiyo. Aliingizwa kwa kumfunga Marshall, na Marshall mwenyewe akamtetea. Ossip Bernstein na Aron Nimzowitsch wakalalamika. Mchezo wa kwanza kabisa, Capablanca akamfunga Bernstein, tena kwa mchezo uliopewa zawadi ya uzuri.

Kisha ikaja ya Nimzowitsch. Alikuwa anacheza mchezo wa haraka wa kujifurahisha, Capablanca amesimama anatazama, akashindwa kujizuia, akatia neno. Nimzowitsch akaja juu: mchezaji ambaye hajathibitisha lolote afunge mdomo mbele ya wakubwa zake. Capablanca hakubishana. Alimwita mezani wacheze michezo ya haraka, akamfunga kirahisi, mabingwa waliokuwepo wakiangalia. Mwisho wa mashindano alikuwa kidedea, pointi 9.5 kati ya 14, akiwa amepoteza mchezo mmoja tu, kwa Akiba Rubinstein.

Stori hiyo husimuliwa kama ya kijana aliyemtia adabu mwenye majivuno. Sawa, lakini ikiangaliwa vizuri, Nimzowitsch alikuwa na haki, isipokuwa sababu aliyoitoa ndiyo mbovu. Utazamaji haukuwa na cheo. Hata angekuwa bingwa wa dunia, Capablanca hakutakiwa kusema. Safari hii hapakuwa na farasi aliyeruka vibaya. Palikuwa na maoni tu. Mtoto wa miaka minne aliyeona sheria imevunjwa alisubiri. Kijana wa miaka 22 aliyeona wazo zuri hakusubiri. Na kumfunga mtu baadaye hakufuti ulichosema mchezo ukiendelea, ingawa barazani wengi huona kinafuta.

Yaliyofuata yanajulikana. Serikali ya Cuba ikampa kazi Wizara ya Mambo ya Nje mwaka 1913, kazi ambayo kwa kweli ilikuwa kusafiri na kucheza. Toka Februari 1916 hadi Machi 1924 hakufungwa hata mchezo mmoja wa mashindano, hadi Richard Réti alipomvunjia mwiko New York. Katikati hapo, mwaka 1921, alimvua ubingwa Mjerumani Emanuel Lasker mjini Havana: ushindi minne, sare 10, kufungwa sifuri. Mwaka 1922, Cleveland, alicheza na watu 103 kwa mpigo, akizunguka meza baada ya meza. Akashinda 102, sare moja.

Alikuwa pia mwalimu. Kitabu chake cha misingi ya sataranji cha mwaka 1921 bado kinasomwa na wanaoanza. Mafundisho yake yalikaa mahali pake, kabla ya mchezo au baada yake.

Ubingwa ulimponyoka Buenos Aires mwaka 1927 mbele ya Alexander Alekhine, Mrusi ambaye hakuwahi kumfunga kabla ya hapo. Ilikuwa michezo 34: Alekhine sita, Capablanca mitatu, 25 sare. Wawili hao wakawa maadui, na mechi ya marudiano haikupigwa kamwe. Iliyoingia mezani ni barua na masharti ya fedha, masharti ambayo Capablanca mwenyewe alikuwa ameyaweka akiwa bingwa, ya dau la dola 10,000. Alikufa akiisubiri.

Jioni ya tarehe 7 Machi 1942 alikuwa kwenye klabu ya sataranji ya Manhattan, New York. Hakuwa anacheza. Wengine walikuwa wanacheza mchezo wa kupitisha muda, yeye anatazama na kupiga soga na marafiki. Ghafla akaomba asaidiwe kuvua koti, akaanguka. Alikimbizwa hospitali ya Mount Sinai, ile ile aliyofia Lasker mwaka mmoja kabla, akafariki alfajiri ya tarehe 8 kwa mshipa wa kichwa kupasuka. Alikuwa na miaka 53.

Mwili wake ulirudishwa Havana, ukazikwa makaburi ya Colón. Juu ya kaburi pamesimamishwa kete ya mfalme, kubwa, ya marumaru nyeupe.