Goldratt: Mwanafizikia aliyeanza na vizimba vya kuku

MWISHONI mwa miaka ya 1970, mwenye kiwanda kidogo cha kutengeneza vizimba vya kuku nchini Israel alimwomba msaada mtu waliyefahamiana. Shida yake ilikuwa ratiba: alitaka kuzalisha zaidi, lakini hakujua kazi ipi itangulie na ipi isubiri.

Aliyeombwa hakuwa mhandisi wa viwanda wala mhasibu. Alikuwa mwanafizikia aitwaye Eliyahu Goldratt. Aliandaa utaratibu wa kupanga kazi za kiwanda kile, na uzalishaji ukapanda sana. Kazi hiyo ndiyo iliyomtoa kwenye fizikia na kumwingiza katika biashara, na hakurudi tena.

Goldratt alizaliwa Machi 31, 1947, katika nchi ambayo mwaka uliofuata ilikuja kuwa taifa la Israel. Alipata shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Tel Aviv, kisha shahada ya uzamili na ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Bar-Ilan.

Baada ya mafanikio ya vizimba, yeye na wenzake walianza kuuza programu ya kompyuta iliyoitwa OPT kupitia kampuni ya Creative Output. Wateja wao walikuwa viwanda vikubwa, hasa vya Marekani na Ulaya. Programu hiyo ilikuwa ghali, na baadhi ya wataalamu waliilalamikia kwa kuwa hesabu zake za ndani zilifanywa siri.

Msingi wake, hata hivyo, ulikuwa rahisi. Kazi inayopita katika hatua nyingi haiwezi kwenda kasi kuliko hatua iliyo taratibu kuliko zote. Hatua hiyo ndiyo kikwazo, na ndiyo inayoamua kipato cha kiwanda kizima.

Tatizo lilikuwa kwa watu. Wasimamizi walizoea kupimwa kwa kuangalia kama kila mashine inazunguka na kila mfanyakazi ana kazi mkononi. Kwa hiyo waliendelea kuzalisha hata pale ambapo hapakuwa na haja, na mali isiyokamilika ikarundikana mbele ya kikwazo.

Kitabu kilichomgharimu

Goldratt aliamua kulieleza jambo hilo kwa hadithi. Mwaka 1984, akishirikiana na mwandishi Jeff Cox, alitoa riwaya iitwayo The Goal, iliyochapishwa na kampuni ndogo ya Marekani, North River Press. Inamhusu meneja aitwaye Alex Rogo, aliyepewa miezi mitatu kukiokoa kiwanda kisifungwe.

Sehemu inayokumbukwa zaidi haitokei kiwandani bali porini. Rogo anaongoza kundi la watoto wa skauti, na msafara unachelewa kwa sababu ya mtoto mmoja, Herbie, aliyebeba begi zito. Wenye mbio wanafika mbele, lakini msafara haujafika mpaka Herbie afike. Rogo anamweka Herbie mbele na kuwagawia wenzake mzigo wake, na kundi lote linaongeza mwendo.

Kitabu hicho kiliuzwa kwa mamilioni. Lakini kilimletea mwandishi wake matatizo. Baadhi ya wasomaji walitumia mawazo yaliyomo bila kununua programu, na bado wakapata matokeo mazuri. Goldratt akawa amewapa watu kwa bei ya kitabu kile ambacho kampuni yake iliuza kwa fedha nyingi.

Alilazimika kuchagua kati ya kulinda biashara ya programu na kufundisha watu kufikiri wenyewe. Alichagua kufundisha. Katikati ya miaka ya 1980 aliachana na Creative Output na kuanzisha taasisi ya mafunzo aliyoipa jina la baba yake, Avraham Y. Goldratt Institute.

Hatua tano

Mafundisho yake, yanayojulikana kama Nadharia ya Vikwazo, yana hatua tano. Chukua mfano wa kikundi cha wakulima wa mpunga kinachoweza kukausha magunia 30 kwa siku, kukoboa 12, na kufungasha mchele wa magunia 25.

Kwanza, tafuta kikwazo. Hapa ni mashine ya kukoboa. Kununua turubai zaidi za kuanikia au mzani mpya hakutaongeza hata gunia moja sokoni.

Pili, kitumie kikwazo kikamilifu kabla ya kutoa fedha. Mashine isisimame wakati wa chakula cha mchana, usafi ufanyike jioni, na mawe yatolewe kwenye mpunga kabla haujafika mashineni. Kwa njia hiyo magunia 12 yanaweza kufika 16.

Tatu, hatua nyingine zifuate mwendo wa kikwazo. Hakuna faida ya kukausha magunia 30 wakati yanayokobolewa ni 16. Mpunga unaobaki ni fedha iliyolala. Hata hivyo, akiba kidogo lazima iwepo mbele ya mashine ili isikose kazi siku ya mvua.

Nne, kama bado hakitoshi, ongeza uwezo wa kikwazo. Hapa ndipo mkopo wa mashine ya pili unapokuwa na maana. Uwezo wa kukoboa utafika magunia 32.

Tano, rudi mwanzo. Sasa kikwazo kimehamia kwenye kufungasha, kwenye magunia 25. Anayeendelea kuhangaikia mashine atakuwa anatibu ugonjwa uliokwisha kupona.

Goldratt alitaka pia kila uamuzi upimwe kwa maswali matatu: je, fedha inayobaki kwenye mauzo baada ya kutoa malighafi itaongezeka, fedha iliyolala kwenye mali itapungua, na gharama za uendeshaji zitashuka? Wapo wasomi waliosema kuwa mengi katika hayo hayakuwa mapya. Lakini hata wao ni vigumu kukana kuwa aliyafikisha kwa watu wengi ambao wasingefungua kitabu cha hesabu.

Masomo ya mbali

Njia ya kufikisha elimu nayo ilikuwa na kikwazo chake. Fundi au mhandisi aliye kazini ana muda mchache, na chuo kiko mbali. Mwaka 1999 Goldratt alitoa mfululizo wa mihadhara minane kwa njia ya setilaiti, watu wakimsikiliza kutoka nchi mbalimbali.

Vyuo navyo vilifuata. Chuo Kikuu cha Washington State, kilichoko Pullman nchini Marekani, kilifundisha usimamizi wa vikwazo katika ngazi ya uzamili kwa wahandisi walioko kazini, kwa elimu ya masafa. Faida yake ni kwamba mwanafunzi hakutengwa na tatizo analojifunza kulitatua. Alichosoma usiku aliweza kukijaribu kesho yake kiwandani.

Goldratt aliendelea kuandika. Mwaka 1994 alitoa It's Not Luck, kinachogusa masoko, na mwaka 1997 Critical Chain, kinachohusu miradi inayochelewa. Alifariki dunia Juni 11, 2011, akiwa na umri wa miaka 64.

Mkulima au mfanyabiashara mdogo hahitaji kompyuta kuanza kutumia elimu hiyo. Daftari linatosha. Aandike kila hatua ya kazi yake, kuanzia shambani au stoo hadi kwa mnunuzi, na mbele ya kila hatua aandike kiasi inachoweza kutoa kwa siku. Namba iliyo ndogo kuliko zote ndiyo ya kushughulikiwa kwanza, kabla ya kwenda kuomba mkopo wa kitu kingine.