Nauli ya Kirilo

Katika makanisa ya Kilutheri yaliyotapakaa kwenye miteremko ya Mlima Meru, siku ya mavuno ni siku ya shangwe. Mama huja na mkungu wa ndizi, mzee na debe la mahindi, mtoto na yai moja alilolishika kwa mikono miwili. Baada ya ibada vitu hivyo hunadiwa uwanjani, na mara nyingi mkungu hununuliwa kwa bei ambayo mnunuzi huyo huyo asingeikubali katika soko la Tengeru. Sisi tuliolelewa chuoni kwa msahafu twaijua sadaka kwa jina hilo hilo, na hatuoni haya kusema kuwa shangwe ile imetufundisha jambo.

Twaitaja kwa sababu habari za Ndugu Kirilo Japhet, mwana wa Meru na Mkristo, ambaye siku hizi ni marehemu wa zamani, hazieleweki sawasawa kwa mtu asiyeijua siku hiyo. Wengi humkumbuka kuwa ndiye Mwafrika wa kwanza wa Tanganyika kusimama mbele ya Umoja wa Mataifa. Ni wachache wanaouliza nauli yake ilitoka wapi.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Serikali ya kikoloni ilimpa Jaji Mark Wilson kazi ya kuchunguza ardhi za Arusha na Moshi. Matokeo yake yalikuwa shauri la kuwaondoa Wameru katika nyanda za Engare Nanyuki, ili eneo lililo kati ya Meru na Kilimanjaro liwe la walowezi wa kizungu peke yao, nao wafuge humo ng'ombe wao. Tarehe 17 Novemba 1951 operesheni ilianza. Watu wapatao 3,000 walifukuzwa, nyumba zao zikachomwa moto, mifugo ikafa kwa wingi, na ardhi yao ikakatwa kuwa mashamba 13 ya walowezi. Wenyewe waliambiwa waende King'ori. Walipewa fidia; wakaikataa.

Watu hao hao waliokataa kupokea ndio waliokubali kutoa. Kupitia umoja wao wa raia, Wameru walichanga shilingi zao ili msemaji wao avuke bahari, pamoja na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Waliochanga hawakuwa waliofukuzwa tu. Kulikuwa na wakulima wa kahawa wa huku juu mlimani, ambao migomba yao haikuguswa na moto wowote, na ambao kwa hesabu ya ubinafsi wangeweza kunyamaza.

Msomaji Mkristo atakumbuka kwamba Mtume Paulo naye alikuwa mkusanya mchango. Alipita katika makanisa ya Wayunani akiwatafutia fedha maskini wa Yerusalemu, na aliwasifu hasa watu wa Makedonia, ambao wenyewe walikuwa mafukara. Aliona katika utoaji wao furaha iliyozidi uwezo wao. Kwa maoni yetu mchango wa Meru ni wa ukoo huo.

Mwaka 1952 Kirilo alifika New York, akalieleza Baraza la Udhamini yaliyowapata watu wake. Katika Kamati ya Nne ya Baraza Kuu wajumbe wengi waliunga mkono upande wa Wameru. Lakini Baraza Kuu lenyewe lilipopiga kura, theluthi mbili haikufikiwa. Ardhi haikurudishwa.

Hapa ndipo mtu angetazamia msemaji aliyeshindwa ajifiche. Kirilo alirudi, akaizunguka nchi pamoja na wenzake wa Chama cha Waafrika wa Tanganyika, akiwaeleza wananchi alichokisema, alichojibiwa, na jinsi Serikali ya Uingereza ilivyolazimika kujitetea mbele ya mataifa kwa sababu ya wakulima wa mlima mmoja. Baadaye, mwaka 1967, yeye na Seaton walitoa kitabu juu ya kesi hiyo. Kwa hiyo mtoaji alijua fedha yake ilikwenda wapi, na aliyeibeba alirudi kutoa hesabu.

Tunalisema hili kwa uchungu kidogo. Sisi wenyewe, wakati wa kujenga madarasa ya shule za kata, tumewahi kukaa meza moja na mgambo aliyetumwa kuleta kuku wa mama mjane aliyechelewa na mchango. Kuku aliletwa, na stakabadhi ikaandikwa. Darasa lilijengwa, nalo ni darasa zuri. Hata hivyo mama yule hakupata kualikwa siku ya kulifungua, wala hakuna aliyepita nyumbani kwake kumweleza kuku wake amekuwa matofali mangapi. Pengine angetoa jogoo pia, kama angeombwa kama watu wa Meru walivyoombwa.

Kilichochangwa kwa ajili ya Kirilo hakikuishia kwa Kirilo. Mwezi Machi 1955 Mwalimu Julius Nyerere, Rais wa TANU, alisimama mbele ya Baraza lile lile la Udhamini. Naye alikwenda kwa nauli iliyochangwa na wananchi, na aliporudi aliwaeleza.