Allidina Visram: Duka Lililofuata Reli

Naandika kutoka Observatory, hapa Johannesburg. Juzi jirani aliniuliza nani walianzisha viwanda kwetu Afrika Mashariki. Mimi injinia wa miaka thelathini nikakwama! Nikaingia maktaba, na leo nawaletea Allidina Visram.

Alizaliwa mwaka 1851 huko Kutch, India. Alifika pwani yetu mwaka 1863, kijana wa miaka 12, bila mtaji, akaajiriwa na Sewa Haji Paroo kule Bagamoyo. Yaani alianza kama msaidizi tu. Baadaye akatuma misafara yake bara: nguo zinakwenda, pembe za ndovu zinarudi. Reli ya Uganda ilipojengwa, akaifuata kwa maduka, kituo hadi kituo, mpaka akafika Kampala. Uganda ilipoanza kulima pamba, naye akaweka mashine za kuichambua. Alifariki mwaka 1916. Shule yenye jina lake Mombasa, iliyojengwa na mwanawe, ilifunguliwa mwaka 1923.

Sasa jamani, kuchambua ni kutenganisha pamba na mbegu tu. Kusokota na kufuma kulifanyika ng'ambo, kisha nguo ikarudi kuuzwa kwetu. Na hadi leo pamba yetu nyingi husafirishwa ikiwa ghafi.

Mimi karibu namaliza masomo, na kazi ya mshahara mzuri ipo hapa hapa. Lakini hiyo hatua ya pili ya Allidina, ataipiga nani? Sijaamua bado. Wewe je, mwenzangu?